Kisu cha Daktari na Sahani ya Mama Mkwe

Mume wangu Kilian alikuwa mpimaji wa kahawa katika chama cha ushirika, kwa hiyo uzito wangu niliujua kuliko mwanamke mwingine yeyote wa Mbinga. Wakulima wakishaondoka na ghala likibaki tupu, alinifungulia mlango wa nyuma, nikapanda juu ya mizani ile ya chuma iliyozoea magunia, naye akasogeza jiwe la mizani taratibu huku amekunja uso kikazi.

"Kilo mia moja na ishirini na sita," alisema siku hiyo. "Nikutolee uzito wa gunia?"

"Jitolee uzito wa ulimi wako."

"Unune usinune, Mama Sixtus, hii ni daraja la kwanza."

Nilishuka nimenuna, ingawa moyoni nilicheka. Kilian alinipenda nilivyo na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu. Shida yangu haikuwa Kilian. Shida yangu ilikuwa mlima.

Mimi nilizaliwa kule chini ziwani, karibu na Mbamba Bay, ambako shamba la muhogo limelala tambarare na mtu analima huku anapiga soga. Nikaolewa huku juu Umatengoni, ambako shamba limening'inia. Wamatengo hulima ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana mpaka inafanya miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Mlima mzima unabaki mashimo mashimo, na mvua ikinyesha maji hutulia humo badala ya kukimbia na udongo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa asubuhi ya kwanza, na nusu ya ukoo wakaja kumtazama bibi harusi wa ziwani akiviringika.

Sikuviringika. Mwaka wa pili nilimaliza mstari wangu kabla ya wote. Mwaka wa tatu wifi yangu Ephrasia, dada yake Kilian, alikataa kupangwa karibu nami kwa kuwa namwaibisha. Pale mlimani ndipo nilipoacha kuitwa mgeni, na sikuwa na kitu kingine duniani nilichojivunia kama miraba yangu.

Sasa ilikuwa miaka kumi na tisa baadaye na magoti yamegoma. Msimu uliopita nilipanda mpaka mstari wa tatu, nikakaa chini kupumzika, na sikuweza kuinuka. Shemeji zangu wawili walinishusha wamenishika makwapani, na mmoja wao akawa anahema zaidi yangu. Kamati ya kijiji ikanionea huruma. Wakaniondoa kwenye jembe, wakaniweka mpishi wa shamba la ujamaa, pale chini bondeni, nipikie watu hamsini. Kumpa mtu mnene masufuria ili apumzike ni sawa na kumpa mlevi ufunguo wa kilabu, lakini nani angeambia kamati?

Msidhani nilikaa tu nikinenepa. Nilijaribu miaka tisa. Bibi Maendeleo wa kata alinipa dawa ya ndimu na maji ya moto kila alfajiri, nikanywa mpaka meno yakafa ganzi. Nilifunga Kwaresima tatu kwa ukali kuliko masista, nikapungua kilo nne kila mara na kuzirudisha kabla ya Pentekoste. Mwaka mmoja nilikula kabichi mchana kutwa kwa miezi miwili, na Kilian akahamishia mkeka wake barazani kwa sababu ambazo sitazitaja. Mara moja tu nilipungua sawasawa, nilipokwenda ziwani kumuuguza mama yangu mzazi. Nilirudi kiuno kimeonekana. Mwezi haukupita, kiuno kikazama tena.

Basi mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, redio zikihimiza vyoo na maji ya kuchemsha, hospitali ya Mbinga ikaletewa daktari wa upasuaji. Aliitwa Rwezaula, mtu wa Bukoba, kijana mwenye miwani na viatu vilivyong'aa hata siku za matope. Alisomea Ulaya na alikuwa amepangiwa miezi sita tu kwetu. Nilikwenda kwa ajili ya magoti. Akanipima damu na mkojo, akasema sukari imeanza kuchungulia, na kwamba magoti si wagonjwa bali ni wapagazi waliochoka.

"Mama, chukua daftari," aliniambia. "Wiki mbili uandike kila unachokula. Asubuhi, mchana, jioni. Usinifiche."

Sikumficha. Namwapia Mungu mpaka leo, niliandika kwa moyo mweupe. Asubuhi: uji kikombe kimoja, bila sukari. Mchana: ugali kiasi cha ngumi, mboga ya maboga. Jioni: hakuna. Siku kumi na nne, jioni hakuna.

Daktari Rwezaula alisoma ukurasa mmoja, akageuza, akasoma wa pili, akavua miwani na kuifuta.

"Mama, unakula chini ya mtoto wa shule," alisema. "Kumbe mwili wako wenyewe ndio unaoweka akiba kila punje. Mtu kama wewe diet haimsaidii hata kidogo."

Nusura nilie. Miaka tisa watu waliniambia nina tamaa, na leo msomi aliyetoka Ulaya ananiambia sina hatia.

Akachukua kalamu akanichorea tumbo. Utumbo wa mtu, alisema, ni mrefu, ukiunyoosha unazidi hatua saba. Yeye angeukata karibu na mwanzo, aunganishe kipande hicho karibu na mwisho, chakula kipite njia ya mkato na mwili usipate nafasi ya kukinyonya. Ule utumbo mwingine wote ungebaki tumboni bila kazi. Kule alikosomea walikuwa wamewapasua hivyo watu kumi na mmoja.

"Wakapungua?"

"Wakapungua sana. Lakini sikiliza na upande wa pili. Utaharisha, pengine kwa miaka. Utachomwa sindano za vitamini. Na katika wale kumi na mmoja, mmoja hakuamka."

"Na hao kumi wanaweza kupanda mlima?"

Alinitazama akacheka kidogo. "Kule hakuna milima, mama. Ila ngazi walikuwa wanapanda."

Ilitosha. Alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi wa sita, akasema angeweza kunipasua Jumanne ya wiki iliyofuata, mradi mume wangu atie sahihi na wazee wakubali. Nilipanda lori la ushirika nikiwa na fomu kifuani, na njia nzima sikuwa ndani ya lori. Nilikuwa mlimani, kwenye mstari wa kumi, Ephrasia yuko chini yangu anahema.

Kilian aliisoma fomu kimya. Aliogopa, akaisoma tena toka juu. Kisha akaomba daftari. Mume wangu husoma maandishi yoyote kama anavyotazama mizani, kwa kidole na bila haraka.

"Hapa jioni umeandika hakuna," alisema.

"Ndiyo. Jioni sipiki. Unajua sipiki."

"Na sengu?"

"Sengu imefanyaje?"

"Mbona haimo?"

Hapa lazima nieleze, maana kuna wasomaji ambao kwao kila mtu hula na kufuli lake. Sengu kwa Wamatengo ni ukoo kula pamoja kwa mzee. Kila jioni kabla jua halijazama, kila mke hubeba alichopika mchana au alichochangia, hukipeleka nyumbani kwa baba mkwe, wanaume wakakaa uwanjani na wanawake jikoni kwa mama mkwe. Ndipo kesi huamuliwa, watoto hufundishwa, mjane huonwa kama amekonda. Kwa koo nyingi jambo hili lilikuwa limeanza kufa. Kwa baba mkwe wangu, Mzee Thadei, lilikuwa hai jioni zote saba.

"Kilian," nilisema kwa upole, kama ninayemfundisha mtoto, "ile si kula. Ile ni sengu."

"Chakula kinaingia mdomoni?"

"Kinaingia, lakini..."

"Unakimeza?"

"Baba Sixtus, mtu hasemi nimekula sengu. Anasema nimekwenda sengu. Ni kuhudhuria!"

Alilifunga daftari akaliweka juu ya goti. Nami nikayasikia maneno yangu mwenyewe yakizunguka chumbani. Wali wa Natalia, mke wa shemeji yangu. Viazi vya Ephrasia. Ugali wa mama mkwe, mlima mwingine. Maharage yenye karanga. Miaka kumi na tisa nilikuwa nakwenda kuhudhuria, narudi siwezi kuinama kuvua viatu.

Nilimkasirikia Kilian siku mbili nzima, maana alikuwa na haki, na hakuna kosa zito kama hilo katika ndoa. Ningeweza kunyamaza. Daktari asingejua, fomu ilikuwa mkononi, Jumanne ilikuwa inakuja. Lakini mficha uchi hazai, na mimi sikutaka kulazwa mezani nikapasuliwe kwa sababu ya daftari la uongo. Ijumaa nikapanda lori tena.

Nilimweleza daktari yote. Mwanzoni alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Kwa hiyo hiyo sengu," alisema akijifuta machozi, "sahani yako ina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Mama, hilo ni karai."

"Ndilo analonipakulia mama mkwe."

"Si umwambie umeshiba?"

Sasa ilikuwa zamu yangu kumkodolea macho. Sengu hakuna nimeshiba. Mama mkwe ndiye anayepakua, na mwanamke akirudisha sahani yake watu wanajua moja kati ya mawili: ama amekula kwingine kwa siri, au ana kinyongo na mmoja wao pale. Niliwahi kujifanya mgonjwa ili nisiende. Waliniletea kitandani, na kwa kuwa ni mgonjwa waliongeza nyama.

"Daktari, kwenu Bukoba," nilimuuliza, "mkwe husema nimeshiba?"

Alijikuna shingo. "Hapana," alikiri. "Mimi kwa mama mkwe wangu huzimaliza ndizi zote."

Tukacheka wote wawili, kisha akaacha kucheka kabla yangu.

"Lakini nisikilize vizuri, mama. Nikikupasua, jioni ya kwanza utakayofika nyumbani ile sahani itakuwa inakungoja palepale. Ukiila na utumbo mfupi, utaharisha mpaka maji yaishe mwilini, na mimi nitakuwa Dar es Salaam. Atakayeikataa sahani ni wewe. Kisu changu hakina mdomo." Akanirudishia fomu. "Nenda Jumapili uikatae. Ukiweza, njoo Jumatatu, nami Jumanne nitakupasua. Ukishindwa, sitakugusa, maana nitakuwa nimekuua."

Nilirudi nimenywea. Nilikuwa tayari kwa kisu, kwa sindano, hata kwa kifo cha yule mtu wa kumi na moja. Hili la kumwambia Mama Kunigunda nimeshiba sikuwa tayari nalo. Lakini nje ya hapo hakukuwa na upasuaji, na bila upasuaji, kwa kadiri nilivyojua mimi, mlima nilikuwa nimeuaga.

Mama Kunigunda alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, ambaye ungeweza kumficha nyuma yangu mara tatu. Hakuwa mwongeaji. Mwiko ndio uliokuwa ukisema kwa niaba yake. Katika miaka kumi na tisa sikukumbuka kama alinisifu hata mara moja, wala kama aliwahi kunikaripia. Alinipakulia tu.

Jumapili hiyo Kilian alimwomba baba yake tukae wote pamoja uwanjani, wanaume na wanawake, kwa kuwa kuna shauri. Nikamwamkia Mzee Thadei shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia niseme. Nikaeleza habari za kisu na njia ya mkato.

"Huo utumbo utakaokatwa," aliuliza shemeji yangu Benno, ambaye alikuwa katibu wa tawi na hakusahau kazi yake hata Jumapili, "utatupwa wapi?"

"Hautupwi. Unabaki tumboni, ila haufanyi kazi."

"Haufanyi kazi? Unakaa tu unalishwa na wenzake?"

"Ndivyo."

"Basi huo ni kupe!" alisema Benno. "Tumepiga vita unyonyaji nchi nzima, halafu shemeji aufuge tumboni mwake?"

Watu walicheka, hata Mzee Thadei alitikisika mabega. Ephrasia akauliza kama daktari anaweza kuupandikiza kwa mtu mwembamba. Mmoja alitaka kujua kama nitaweza kupokea Ekaristi. Mzee akauliza swali moja tu, la maana: kama naweza kufa. Nikajibu ndiyo, naweza. Mzee akasema kwamba jambo kama hilo haliamuliwi na njaa, tule kwanza.

Vyakula vikaletwa. Mama Kunigunda akapakua kwa zamu, na sahani yangu ikaja kwa njia yake ya kawaida, ugali juu, maharage pembeni, kuku ameegemea ukingoni, wali wa Natalia umejazwa palipobaki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikala matonge manne. Nikanawa mkono. Nikaisogeza sahani mbele.

"Mama, nimeshiba," nikasema.

Kijiko cha nani sijui kilianguka. Watoto wakaacha kutafuna. Natalia aliutazama wali wake uliobaki kwenye sahani yangu, uso ukambadilika.

"Kama ni yale maneno ya kisimani," alisema ghafla, "mimi sikuyaanzisha. Nilisema tu kwamba kitanda chenu kimekatika mara mbili. Ni Ephrasia aliyesema mara tatu."

"Mimi?" Ephrasia aliruka. "Wifi, usimsikilize! Na lile jembe lako la zamani nilikuwa nalirudisha, naapa. Limekatika mpini tu."

"Jembe langu liko kwako?" niliuliza.

Benno naye alikohoa, akaanza kueleza kwamba uamuzi wa kuniondoa mlimani na kuniweka jikoni haukuwa wake peke yake, kamati nzima ilikubaliana, ingawa ni kweli yeye ndiye aliyetoa hoja. Kila mmoja alijua sahani ikirudi kuna mtu amekosa, na kila mmoja alitaka kuungama kabla hajatajwa. Padri angekuwepo angepata kazi ya wiki nzima. Nilikaa katikati yao mdomo wazi, nikijifunza mambo ambayo miaka kumi na tisa sikuyajua, na sikujua kama nicheke au nigombane. Nikaanza kusema hapana, hakuna aliyeniudhi, ni tumbo tu. Hakuna aliyeniamini.

Ni mmoja tu ambaye hakuungama. Mama Kunigunda aliweka mwiko chini, akainuka, akaenda nyuma ya jiko.

Nilimfuata. Kuinuka kwenyewe kulinichukua muda, na nilipofika nilimkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa, mikono mapajani. Nikakaa chini karibu naye, kwa kuwa kinu kisingetutosha.

"Unakumbuka ubatizo wa Sixtus?" aliniuliza.

"Nakumbuka, mama."

"Mama yako alikuja toka ziwani. Ulikuwa umetoka kujifungua, umekonda, na ile ngoro ya mwaka wa kwanza ilikuwa imekumaliza. Akaushika mkono wako hapa." Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake havikukutana hata nusu. "Akauinua mbele ya watu wote. Akautazama. Akaushusha. Hakusema kitu. Mtoto wake alikuja kwangu mnene, naye akamkuta hivyo."

Hilo la mkono sikuwa nalikumbuka. Nilikuwa na mtoto mchanga na usingizi.

"Sikulala siku tatu," alisema. "Nikajiambia, yule mama akija tena, atakuta mkono mwingine."

"Mama, mama yangu amefariki mwaka wa sita huu."

"Najua. Nilikuja kuzika. Lakini mkono ulishazoea kupakua."

Nikaona jinsi alivyokuwa amezeeka. Miaka yote nilidhani ananipakulia kwa desturi, na jioni nyingine nilidhani ni kwa ugomvi, ananishindanisha na sahani. Kumbe alikuwa anamlipa mama yangu, jioni kwa jioni, aibu ambayo mama mwenyewe hakuijua.

"Kwa nini hukusema?" aliniuliza.

"Ningesemaje? Mwanamke atasemaje kwa mama mkwe nimeshiba?" Na hapo ukanitoka ule ukweli ambao sikuwa nimeupanga. "Mama, nilikuwa tayari kukatwa utumbo kuliko kukwambia."

Alijiziba mdomo kwa kiganja. "Ungekufa?"

"Pengine."

"Kwa ajili ya ugali wangu?"

"Ni ugali mzuri, mama."

Alitoa sauti niliyodhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Sikuwahi kumsikia Mama Kunigunda akicheka, na kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, cha mtu asiye na mazoezi, nami nikacheka naye mpaka kinu kikasogea. Alipomaliza alijipangusa, akarudi uwanjani, akaichukua sahani yangu na kuwagawia watoto.

"Hedwiga ameshiba," aliwatangazia. "Asiyeamini aniulize mimi."

Hakuna aliyeuliza. Ephrasia alikwenda palepale kulileta jembe langu.

Jumatatu Mama Kunigunda alivaa kitenge cha kanisani akasema anakuja. Alikaa katika chumba cha daktari, miguu haifiki chini, akimkagua Daktari Rwezaula toka miwani mpaka viatu.

"Umeikataa?" daktari aliniuliza.

"Nimeikataa."

"Hongera, mama! Basi kesho tunapasua." Alikuwa amefurahi kweli, na nilimwonea huruma.

Usiku kucha nilikuwa nimefikiri. Nilidhani nikiikataa sahani nitakuwa nimeununua upasuaji. Lakini nilipokwisha kuikataa, hesabu yangu ya miaka tisa ilivurugika yote. Ndimu, Kwaresima, kabichi, vyote nilivifanya mchana, kisha jioni nikaenda kuhudhuria. Na kule ziwani nilipungua kwa kuwa hapakuwa na sengu, si kwa sababu ya hewa. Nilikuwa nimejiita mtu aliyejaribu yote yakamshinda, kumbe jambo lenyewe nilikuwa nimelijaribu mara moja tu, jana, matonge manne.

"Daktari, naomba usinipasue," nilisema. "Nataka kwanza nijaribu."

Aliichukua fomu kutoka kwangu. "Mimi naondoka mwezi wa sita. Sijui kama atakuja mwingine anayejua kazi hii. Na sitakudanganya: wengi hujaribu na hushindwa, na si kwa sababu ya uvivu. Sukari nayo haingoji."

"Najua."

"Unaogopa kisu?"

"Ninaogopa zaidi hili ninalolichagua," nilimjibu, na ilikuwa kweli. Kisu kingefanya kazi nikiwa nimelala. Hili ningelifanya macho wazi, kila jioni, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyenihakikishia mlima.

Akaichana fomu, akaniandikia nirudi kupimwa sukari kila mwezi hata yeye akishaondoka. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu akamuuliza kama ana swali.

"Ninalo," alisema Mama Kunigunda. "Huyo mama mkwe wako wa Bukoba anajua kwamba wewe umekonda hivyo?"

Daktari alitusindikiza mpaka mlangoni akicheka, na nilidhani hapo ndipo mambo yamekwisha. Tukatembea kuelekea ghala la ushirika kungoja lori. Mama Kunigunda alikuwa mbele, kimya kama kawaida yake. Ghafla akasimama katikati ya barabara, hata mtu wa baiskeli akalazimika kutukwepa.

"Hedwiga," alisema bila kunitazama. "Jioni ya leo nikupakulie kiasi gani?"

Miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Machozi yalinitoka palepale, mchana kweupe, watu wa Mbinga wakipita na mizigo yao na kuninong'ona. Nikanyoosha mkono nikamwonyesha kiganja changu.

Alikishika, akakigeuza huku na huku, akakitazama kwa muda mrefu, akaguna.

"Hiki ni kikubwa mno," alisema. "Tutapima kwa changu."